Mwelekeo si Utabiri: Uhakiki wa Istilahi za Jeni katika Saratani za Mfumo wa Mmeng'enyo wa Chakula

Utangulizi

Istilahi hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa mezani na wataalamu wa lugha pamoja na wale wa taaluma inayohusika, ambao huuliza kama neno lililopendekezwa linalingana na dhana, kama linafuata kanuni za Kiswahili, na kama linaweza kunyambulika. Pili hupimwa na mwananchi, ambaye hana habari ya kikao kilichopitisha neno hilo, bali hulisikia kwa mara ya kwanza siku anapolihitaji. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi ambazo huonekana kufaulu katika kipimo cha kwanza, lakini hushindwa katika kile cha pili. Istilahi hizo zinahusu jeni zinazoongoza kugawanyika kwa seli, na jinsi jeni hizo zinavyotumiwa kupima mwendo wa saratani za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

Huenda msomaji akadhani kwamba mada hii ni ya madaktari peke yao. Sivyo. Tangu mwaka 1973, ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, mji huu umekuwa ukipokea kidogo kidogo kazi zilizokuwa zikifanyika pwani. Bunge liko hapa na wizara ziko hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ikaanza kutoa huduma mwaka 2015. Mgonjwa wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa au Manyoni, ambaye zamani aliambiwa asafiri hadi Dar es Salaam, siku hizi huweza kupata vipimo vingi karibu zaidi na kwake. Pamoja na vipimo huja karatasi: fomu ya ridhaa, majibu ya maabara, maelezo kwa mshiriki wa utafiti, kijitabu cha elimu ya afya. Karatasi hizo mara nyingi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hukabidhiwa mfasiri, mwalimu au ofisa ili aziweke katika Kiswahili. Neno analolichagua yeye ndilo atakalolipeleka mgonjwa nyumbani kwake.

Kwa kuwa hatupendi kumnyoshea kidole mfasiri yeyote, tumetunga wenyewe sentensi moja ya mfano, kwa kukusanya pamoja maneno yanayopatikana katika tafsiri za namna hii:

"Vinasaba vya mgawanyiko wa seli ni vitabiri vya kifo kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo."

Sentensi hii haina kosa la sarufi. Upatanisho wake wa kisarufi ni sahihi, na mtahini wa lugha asingeweza kuipunguzia alama. Hata hivyo ina makosa manne ya maana. Tutayachambua moja baada ya jingine, tukianza na yale mepesi na kumalizia na lile ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote.

Dhana inayotafsiriwa

Kabla ya kuyahukumu maneno, hatuna budi kuieleza dhana. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na seli huongezeka kwa kugawanyika. Seli moja hukua, hunakili vinasaba vyake, hukagua kama nakala ni sahihi, kisha hujigawa kuwa mbili. Kila hatua ina jeni zake. Ziko jeni zinazosukuma kazi mbele, kama zile zenye maelekezo ya kutengeneza protini ziitwazo saiklini. Na ziko zinazozuia, kama jeni ya TP53, ambayo husimamisha kazi pale vinasaba vya seli vinapokuwa vimeharibika. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse, waliofumbua sehemu kubwa ya jambo hili, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Saratani hutokea pale visukumizi vinapozidi na vizuizi vinapokatika, seli zikawa zinagawanyika bila kujali mahitaji ya mwili.

Kutokana na elimu hiyo watafiti wameuliza swali lifuatalo: ikiwa tutapima utendaji wa jeni hizo ndani ya uvimbe, je, tutaweza kujua uvimbe upi utakwenda mbio na upi utakwenda polepole? Kwa aina fulani za uvimbe jibu ni ndiyo. Mfano ulio wazi ni uvimbe unaoanzia katika seli zitoazo homoni ndani ya mfuko wa chakula, utumbo na kongosho. Katika kuupangia madaraja, Shirika la Afya Duniani hutumia, pamoja na vigezo vingine, protini iitwayo Ki-67, ambayo huonekana katika seli zilizo katika harakati za kugawanyika. Ikiwa seli zenye protini hiyo hazifiki asilimia 3, uvimbe huwekwa katika daraja la kwanza. Zikiwa kati ya asilimia 3 na 20, daraja la pili. Zikizidi asilimia 20, daraja la tatu.

Lakini protini hiyo hiyo inapopimwa katika saratani ya kawaida ya utumbo mpana, matokeo ya tafiti hupingana: baadhi huonyesha kwamba wingi wake huandamana na ugonjwa mkali, na nyingine huonyesha kinyume. Kadhalika jeni ya TP53 imebadilika katika sehemu kubwa sana ya saratani za umio, na kwa sababu iyo hiyo haisaidii sana kumtofautisha mgonjwa mmoja na mwingine. Mfugaji wa nyanda zetu za kati atalielewa jambo hili bila kufundishwa: chapa iliyo juu ya karibu kila ng'ombe zizini haimwonyeshi ng'ombe wa fulani.

Kwa hiyo dhana tunayoitafsiri ina mipaka mitatu. Kwanza, inapimwa ndani ya uvimbe. Pili, inasema juu ya kundi la wagonjwa. Tatu, nguvu yake hutofautiana kati ya kiungo na kiungo. Tafsiri njema ni ile inayoilinda mipaka hii yote.

Kosa la kwanza: mgawanyiko

Kiswahili kimejaliwa kutofautisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Tunasema mgawanyo wa mapato, tukimaanisha jinsi mapato yanavyogawiwa watu au idara. Tunasema mgawanyiko ndani ya kikundi, tukimaanisha hali ya watu kutokuwa wamoja. Na tunaweza kusema ugawanyikaji, tukimaanisha mwendo wenyewe wa kitu kugawanyika, tangu mwanzo hadi mwisho. Jeni tunazozijadili huongoza mwendo huo wa hatua kwa hatua. Usemi "vinasaba vya mgawanyiko" huonyesha kana kwamba kuna kitu kiitwacho mgawanyiko ambacho vinasaba hivyo ni mali yake.

Kosa hili halimdhuru mgonjwa, lakini humdhuru mwanafunzi, ambaye hawezi kujua kama jeni hizo huleta kugawanyika, hutokana nako, au hukuzuia. Ilhali tumekwisha kuona kwamba baadhi huleta na baadhi huzuia. Tunapendekeza basi isemwe "jeni zinazoongoza ugawanyikaji wa seli". Kuongoza ni pamoja na kusukuma na kuzuia, kama dereva aongozavyo gari kwa mafuta na kwa breki. Baada ya kutajwa mara ya kwanza kwa ukamilifu, yaweza kufupishwa kuwa "jeni za ugawanyikaji".

Kosa la pili: tumbo

Katika usemi wa kila siku tumbo ni sehemu yote iliyo kati ya kifua na nyonga. Mtu huumwa tumbo kwa sababu ya minyoo, ini, figo au kizazi. Mwanamke mjamzito ana tumbo. Neno hilo hilo hutumiwa na wataalamu kwa mfuko unaopokea chakula kutoka katika umio. Mfasiri anapoandika "saratani ya tumbo" kwa maana ya saratani zote za mfumo wa mmeng'enyo, amekusanya umio, mfuko wa chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana, ini, nyongo na kongosho katika neno moja ambalo tayari lina maana mbili nyingine.

Mkanganyiko wa namna hiyo uko pia katika neno koo. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoongoza katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika, pamoja na nchi yetu. Wananchi wengi huiita saratani ya koo, jina ambalo hutumika pia kwa saratani za koromeo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi yaelekea husababisha saratani ya umio. Hebu tufikiri jinsi onyo hilo litakavyomfikia mnywa chai ikiwa kiungo chenyewe hakina jina analolijua. Walimu wa shule za msingi wana deni hapa: neno umio lifundishwe mapema, wala lisiachwe likawa neno la mtihani tu.

Tunapendekeza kwamba "mfumo wa mmeng'enyo wa chakula" litumike kwa viungo vyote vinavyohusika, pamoja na ini na kongosho. "Njia ya chakula" kwa mrija wenyewe tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa. Na katika maandishi yatakayosomwa na wagonjwa, "mfuko wa chakula" litumike badala ya tumbo.

Kosa la tatu: vinasaba

Neno vinasaba limejengwa juu ya nasaba, yaani ukoo na uzawa. Ni neno zuri, na limekwisha kupata makazi. Bunge lilitunga mwaka 2009 sheria ya kusimamia upimaji wa vinasaba vya binadamu, na mwananchi akisikia kwamba watu wamekwenda "kupima vinasaba", hufikiri mara moja habari za mtoto na baba yake. Hatuna ugomvi na matumizi hayo. Tunalolipinga ni kulitumia neno hilo hilo kwa jeni moja moja, hasa jeni zilizobadilika ndani ya uvimbe.

Sababu yetu ni hii. Mabadiliko mengi ya jeni yanayokutwa katika uvimbe wa saratani hayakurithiwa. Yametokea katika seli za kiungo hicho wakati wa maisha ya mtu, kwa sababu ya umri, tumbaku, pombe, maambukizi ya muda mrefu, au makosa ya kunakili yasiyo na sababu inayojulikana. Mgonjwa hakuyapokea kwa wazazi wake wala hatawapa watoto wake. Lakini mzee akiambiwa kwamba amekutwa na "vinasaba vya saratani", atasikia kwamba ukoo wake una saratani. Nyumbani kwake posa hutanguliwa na kuulizana habari za ukoo. Neno moja la karatasi ya hospitali laweza kukaa kati ya binti yake na mchumba, na hakuna daktari atakayekuwapo siku hiyo kulifasili.

Ni kweli kwamba ziko saratani chache zinazoandama ukoo, zikiwamo baadhi za utumbo mpana. Ndiyo maana twahitaji maneno mawili yaliyo tofauti, ili lile la kurithi lisemwe linapostahili. Vinasaba libaki kuwa jina la maada yote ibebayo maelekezo ya uhai. Jeni liwe jina la fungu moja la maelekezo hayo. Kisha iongezwe daima "jeni za uvimbe" au "jeni za kurithi", kadiri mambo yalivyo.

Kosa la nne: vitabiri vya kifo

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Kiswahili kina maneno matatu ambayo wafasiri huyakimbilia: tabiri, bashiri na agua. Tabiri limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri, hususan kufasiri ndoto. Bashiri pia ni la Kiarabu, na chimbuko lake ni kupasha habari njema. Agua ni la Kibantu, nalo hubeba maana mbili kwa pamoja: kufichua yaliyofichika na kumtibu mgonjwa. Maneno haya matatu yana sifa moja. Katika kila moja yumo mtu aonaye jambo ambalo wengine hawalioni, na analolitamka huhesabiwa kuwa limekwisha kuamuliwa mahali.

Hatusemi hayo kwa dharau. Watemi wa Ugogo walikuwa na dhamana ya mvua na ustawi wa nchi zao, na watu walikwenda kwa mwaguzi kuuliza chanzo cha maradhi kabla ya kutafuta dawa. Desturi hizo zina heshima yake na zimeandikwa na wataalamu. Lakini mgonjwa anapoambiwa kwamba kipimo cha maabara "kimetabiri kifo", analisikia neno hilo kwa masikio aliyokuwa nayo tangu utotoni. Kwake yeye jambo limekwisha. Anaweza kuacha matibabu, kugawa mifugo, na kurudi nyumbani kungoja. Na pengine uvimbe wake ulikuwa wa kutibika.

Kosa hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni utabiri. Upande wa pili ni kifo. Tafiti za namna hii kwa kawaida hupima muda: wagonjwa waliishi muda gani, au walikaa muda gani kabla ya ugonjwa kurudi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kundi fulani namba ya kati ni miezi 20. Maana yake ni kwamba nusu ya kundi walipita miezi hiyo na nusu hawakuifikia. Namba hiyo haisemi kwamba kila mmoja ataishi miezi 20, wala haisemi mmoja aliyeketi mbele ya daktari atakuwa upande gani. Mfasiri akiandika "wastani wa kuishi", amekwisha kuikosea hesabu, kwa kuwa wastani na namba ya kati ni vitu viwili hata katika hisabati ya shule. Akiandika "kitabiri cha kifo", ameiondoa hesabu kabisa.

Neno tulitafutalo tayari liko katika masikio ya wakulima wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia neno utabiri kwa habari za hali ya hewa za siku hizi chache zijazo. Lakini kwa habari za msimu mzima hutangaza mwelekeo wa mvua. Mwelekeo huo hutolewa kwa eneo, na huelezwa kwa viwango: mvua za wastani, za juu ya wastani, au za chini ya wastani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na mwisho wa mwaka na kumalizika mwezi wa Aprili, na mvua yake ya mwaka ni kiasi cha milimita 550 hadi 600. Mkulima wa Chamwino akisikia kwamba mwelekeo ni chini ya wastani, hakai chini akalia. Hupanda mtama au uwele ustahimilio ukame, hupanda mapema, na hujua pia kwamba wingu laweza kuliacha shamba la jirani na kunyesha lake.

Kinyume cha busara hiyo kiliwahi kuonekana katika nyanda hizi hizi. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulikwama kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba hesabu za mvua zilizotegemewa hazikutosha kueleza mvua ya shamba lile katika mwaka ule. Namba ya eneo ilisomwa kama ahadi. Namba ya kundi la wagonjwa nayo ikisomwa kama hukumu ya mtu mmoja, kosa ni lile lile.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi "mwelekeo wa ugonjwa" kwa dhana ambayo Wayunani wa kale, wakiwamo wafuasi wa Hipokrati, waliiita kujua kabla. Na "kiashiria cha mwelekeo" kwa kitu kipimwacho ili kuukadiria mwelekeo huo. Tumechagua kiashiria badala ya alama kwa sababu alama ni la kovu, la mtihani na la barabarani. Na badala ya dalili kwa sababu dalili ni jambo ambalo mgonjwa hulihisi au daktari huliona, ilhali hakuna ahisiye Ki-67. Zaidi ya hayo, watumishi wa serikali wamekwisha kulizoea neno viashiria katika mipango na taarifa zao.

Mwelekeo na mwitikio

Faida nyingine ya kuliacha neno utabiri ni kwamba huficha tofauti iliyo ya lazima. Viko viashiria vya aina mbili. Aina ya kwanza huonyesha ugonjwa unaelekea wapi, matibabu yawe haya au yale. Aina ya pili huonyesha kama dawa fulani itafaa. Katika saratani ya utumbo mpana, kwa mfano, badiliko katika jeni ya KRAS huonyesha kwamba dawa zinazolenga kipokezi kiitwacho EGFR hazitamsaidia mgonjwa. Katika saratani ya mfuko wa chakula, wingi wa HER2 huonyesha kwamba mgonjwa aweza kufaidika na dawa iitwayo trastuzumabu. Jeni hizi zote mbili zimo katika njia zinazoihimiza seli kugawanyika, lakini kazi yake hapa ni kuchagua dawa.

Mfasiri anayetumia tabiri kwa aina zote mbili humpotosha ofisa anayepanga matumizi. Ofisa huyo akisoma kwamba kipimo fulani "kinatabiri", hajui kama anaombwa fedha za kipimo peke yake, au za kipimo pamoja na dawa inayokwenda nacho. Kipimo cha aina ya pili kisichokuwa na dawa yake katika bohari hakimfai mgonjwa kitu. Tunapendekeza basi "kiashiria cha mwitikio" kwa aina hii ya pili, yaani mwitikio wa ugonjwa kwa tiba. Mwelekeo na mwitikio ni maneno yanayolingana kwa umbo, yanakumbukika kwa urahisi, na hakuna atakayeyachanganya baada ya kuelezwa mara moja.

Hoja za kupinga

Twatambua kwamba yapo ya kupinga. Watu watasema kwamba ubashiri limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya tiba. Tunakubali kwamba mazoea yana nguvu, na hatupendi kubadili maneno kwa ajili ya kubadili tu. Lakini mazoea hayo ni ya wataalamu wachache wanaoijua dhana hata kama neno lingekuwa jingine. Kwa mtaalamu jina laweza kuwa lolote. Ki-67 lilipewa jina mwaka 1983 kutokana na mji wa Kiel na namba ya kishimo cha sahani ya maabara. P53 ilipewa namba kutokana na uzito ambao baadaye ulionekana kuwa haukuwa sahihi. Majina hayo hayamdhuru mtu kwa sababu hayamwambii mtu wa kawaida kitu chochote. Ubashiri humwambia, na humwambia jambo lisilo kweli.

Wengine watasema kwamba mwelekeo ni neno pana mno na halina kitenzi kinachofaa. Jibu letu ni kwamba upana huo huondolewa kwa kuongeza "wa ugonjwa", na kwamba kitenzi kipo: kiashiria huashiria. Tuliwahi kulifikiria pia neno makadirio, ambalo husikika Bungeni kila mwaka wakati wa bajeti. Lina faida ya kukiri kwamba hesabu yaweza kurekebishwa. Lakini limekwisha kufungamana mno na fedha.

Iko hoja ya tatu, iliyo nzito zaidi: kwamba neno laini litatumika kumficha mgonjwa ukweli. Hatuipuuzi. Wagonjwa wengi wa saratani ya umio hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea, na hatua ya ugonjwa ndiyo bado inayoeleza mengi kuliko jeni yoyote. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Lakini "mwelekeo mbaya" ni ukweli kamili, nao husemeka. Mzee akiuliza, "Daktari, mmeona nitakufa lini?" daktari aweza kujibu, "Mzee wangu, kipimo hiki hakisemi siku. Kinasema kwamba ugonjwa wa namna hii kwa wengi huenda kwa kasi, na kwa hiyo tusichelewe." Jibu hilo halina uongo ndani yake, nalo laacha nafasi ya kutenda. Akiwa na neno utabiri mkononi, daktari huyo angelazimika kwanza kulikana neno lililoandikwa kwenye karatasi yake mwenyewe.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

(a) vinasaba litumike kwa maada ya urithi kwa jumla, na jeni kwa fungu moja; ibainishwe daima kama ni jeni za uvimbe au jeni za kurithi;

(b) jeni zinazoongoza ugawanyikaji wa seli, badala ya vinasaba vya mgawanyiko;

(c) mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, njia ya chakula, umio na mfuko wa chakula, kila moja mahali pake;

(d) mwelekeo wa ugonjwa na kiashiria cha mwelekeo, badala ya utabiri, ubashiri na vitabiri;

(e) kiashiria cha mwitikio kwa kile kinachoonyesha kama tiba itafaa;

(f) namba ya kati ya muda wa kuishi, isichanganywe na wastani.

Sentensi tuliyoanza nayo sasa yaweza kuandikwa hivi: "Utendaji wa jeni zinazoongoza ugawanyikaji wa seli, unapopimwa ndani ya uvimbe, waweza kuwa kiashiria cha mwelekeo wa ugonjwa kwa wenye saratani za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, nguvu yake hutofautiana kati ya kiungo na kiungo." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini kila neno lililoongezwa limerudisha kitu kilichokuwa kimepotea.

Mapendekezo haya tunayaweka mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wenzetu ili yajaribiwe. Twawaomba wayasome kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwa mtaalamu, kisha wamwulize amesikia nini. Akisema kwamba amesikia siku yake ya kufa, basi tumeshindwa, na itatubidi tukae tena mezani.